Sindbad wa Bei Poa

Anayetoka upande wa Ruwi, mjini Maskati, kwenda Bustan hupanda mlima mkavu usio na mti, kisha barabara humteremsha hadi karibu na bahari. Pale chini, kwenye mzunguko wa magari jirani na hoteli ya Al Bustan Palace, anapokewa na jahazi. Ni jahazi zima la kweli, lililokwisha kuvuka bahari, nalo linaitwa Sohar.

Lilijengwa mjini Sur mwaka 1980 kwa uongozi wa msafiri na mwandishi Tim Severin na kwa udhamini wa serikali ya Oman. Mbao zililetwa kutoka pwani ya Malabar, India. Hazikupigwa msumari hata mmoja; zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama ilivyoshonwa mitepe ya Lamu enzi zake. Tarehe 23 Novemba 1980 Sohar iling'oa nanga Maskati, ikapitia Lakshadweep, Calicut, Sri Lanka, Sumatra na Singapore, na Julai 1981 ikatia nanga Guangzhou, China. Ilikuwa safari ya kilomita zipatazo 9,600. Severin alitaka kuonyesha kwamba safari za Sindbad, hata kama mwenyewe ni wa hadithi, zilitokana na safari za mabaharia wa kweli wa Kiarabu.

Kwa hiyo alama inayojulikana zaidi ya Bustan, baada ya hoteli yenyewe, ni nakala: chombo kilichoigizwa kutoka kwa vyombo vilivyokwisha kupotea, kwa ajili ya nahodha ambaye hakuwahi kuzaliwa. Bustan ilikuwa kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya majabali na maji. Hoteli ilipojengwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Baraza la Ushirikiano la Ghuba wa mwaka 1985, wanakijiji walihamishiwa nyumba mpya pembeni, na jahazi likapewa makazi yake barabarani. Hakuna anayelaumu Sohar kwa kuwa nakala. Kila anayeliona anaambiwa ni nakala, limeigwa nini na kwa nini.

Sindbad ana nakala nyingine duniani, za bei rahisi zaidi na zenye haya kidogo. Ziko kwenye filamu, na historia yake inafungua mlango wa biashara nzima: biashara ya filamu za bajeti finyu, hasa za majitu, roboti, vyombo vya angani na viumbe wa sayari nyingine, zinazotengenezwa haraka ili zibebwe na umaarufu wa filamu ya mwenye fedha.

Mwaka 1958 kampuni ya Columbia ilitoa The 7th Voyage of Sinbad. Fundi wake mkuu alikuwa Ray Harryhausen, bingwa wa kuhuisha vinyago. Alisogeza kinyago kidogo tu, akapiga picha moja, akakisogeza tena, akapiga nyingine. Pambano la upanga kati ya Sindbad na kiunzi cha mifupa, ambalo kwenye pazia ni la dakika chache, lilimla karibu miezi mitatu. Filamu iligharimu dola 650,000 hivi na ikarudisha fedha nyingi mno. Kabla ya hapo Harryhausen alikuwa amezunguka na wazo lake kwa watayarishaji mbalimbali, na mmoja wa waliolikataa ni Edward Small.

Small alijuta kwa vitendo. Mwaka 1962 akatoa Jack the Giant Killer. Aliajiri mwongozaji yule yule, Nathan Juran. Akamchukua stelingi yule yule, Kerwin Mathews, na mchawi yule yule, Torin Thatcher. Akatafuta mafundi wengine wa vinyago, wakatengeneza jitu ambalo yeyote aliyeiona filamu ya Sindbad angelitambua kwa mbali. Baghdad ikageuka Cornwall, nahodha akageuka kijana wa shambani, basi. Miaka ya baadaye filamu hiyo hiyo ilitolewa upya ikiwa imebandikwa nyimbo, kana kwamba ni muziki tangu mwanzo.

Ukiitazama kwa makini hila ya Small, utaona hakuwa akiuza hadithi. Aliuza kumbukumbu ya mtu aliyekwisha kufurahi mara moja na anataka kufurahi tena, na alijua mtu huyo angesimama wapi kununua tiketi. Tangu hapo filamu za kuiga zimekwenda hivyo hivyo: kila soko la filamu lilipohama, nazo zilihama nyuma yake, zikibadilisha sura ili zifae kwa dirisha jipya la mauzo.

Dirisha la kwanza lilikuwa sinema ya magari, ambako watu hutazama wakiwa ndani ya gari. Marekani ilikuwa nazo kwa maelfu katika miaka ya 1950, na Dar es Salaam ilipata yake mwaka 1966. Mtazamaji wa sinema ya magari alikuja na familia au na mchumba, hakukaza macho kila dakika, na alichotaka kukiona alikwisha kukiona kwenye bango. Mtengenezaji filamu Roger Corman aliielewa hali hiyo kuliko mtu yeyote. Filamu yake The Little Shop of Horrors, ya mwaka 1960, sehemu kubwa ilipigwa kwa siku mbili. Jaws ilipowatoa watu baharini mwaka 1975, kampuni ya Corman ilijibu mwaka 1978 kwa Piranha, filamu ya samaki wadogo wenye meno, iliyoongozwa na Joe Dante. Star Wars ilipotikisa dunia mwaka 1977, akajibu mwaka 1980 kwa Battle Beyond the Stars. Alien ya 1979 ilijibiwa mwaka 1981 na Galaxy of Terror, ambamo kuta za chombo cha angani zilibandikwa makasha ya kufungia hambaga na kupakwa rangi. Miongoni mwa waliosimamia mapambo hayo alikuwa kijana James Cameron. Miaka mitano baadaye Cameron aliongoza Aliens, mfululizo halali wa filamu aliyokuwa akiiiga kwa makasha.

Waitaliano waliingia kazini kwa kasi zaidi. Luigi Cozzi alitengeneza Starcrash, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, yenye nyota za rangi rangi kama taa za harusi, panga za mwanga na mfalme wa anga aliyechezwa na Christopher Plummer. Shujaa wake wa kike alikuwa Caroline Munro, ambaye watazamaji walikuwa wamemwona mwaka 1973 katika The Golden Voyage of Sinbad, kazi nyingine ya Harryhausen. Mwigizaji yule yule alitoka kwenye jahazi la Sindbad akapanda chombo cha angani, na wateja wakamfuata.

Sheria ilikuwa ikitazama, ila kwa jicho moja. Wazo halina mwenyewe: hakuna kampuni inayomiliki papa anayekula waogeleaji, wala vita vya angani. Kinacholindwa ni namna wazo lilivyosimuliwa. Enzo G. Castellari alipotoa filamu yake ya papa mwaka 1981, iliyoingia Marekani kwa jina Great White, kampuni ya Universal ilikwenda mahakamani kwamba imefanana na Jaws kupita kiasi, na filamu ikaondolewa kwenye majumba ya Marekani. Waigaji wengine walipata somo: iga harufu, usiige sahani.

Kuna waliokuwa mbali na mkono wa sheria hiyo, nao walikuwa na sababu nyingine ya kuiga: umaskini. Nchini Uturuki, mwaka 1982, mwongozaji Çetin İnanç na nyota Cüneyt Arkın walitoa Dünyayı Kurtaran Adam. Fedha za kujenga vyombo vya angani hazikuwepo, kwa hiyo walichukua vipande vya Star Wars yenyewe na kuvionyesha nyuma ya kichwa cha Arkın aliyevaa kofia ya rubani. Muziki waliuchukua kwenye filamu nyingine za Kimarekani. Katikati ya wizi huo wa mchana kuna mambo ambayo Hollywood isingeyafikiria: mapango, majoka ya manyoya, upanga wa kale, na Arkın akijifunza kupigana kwa kuyapiga mawe makofi mpaka yapasuke.

Indonesia ilikwenda mbali zaidi. Filamu iliyouzwa nje kwa jina Lady Terminator, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1980 chini ya mwongozaji H. Tjut Djalil, imechukua mifupa ya The Terminator ya 1984, pamoja na mashambulizi ya ukumbi wa dansi na kituo cha polisi. Lakini muuaji wake hatoki wakati ujao. Ni mtafiti wa kike aliyeingiwa na malkia wa Bahari ya Kusini, jini mkubwa wa hekaya za Java. Mtu yeyote aliyekulia Unguja, Lamu au Sur hahitaji kuelezwa jini wa baharini ni nini, wala kwa nini risasi hazimwingii. Kwa mtazamaji wa pwani, filamu hiyo ina mantiki kuliko ile ya roboti.

Kisha ukaja mkanda wa video, ukaja na rafu ya duka. Hapo bango kubwa la barabarani likafinywa likawa jalada la kiganja, na kazi ya kudanganya jicho ikawa rahisi. Kampuni iliyoifanya kazi hiyo kuwa ya kila siku ni The Asylum ya California, iliyoanzishwa mwaka 1997. Mwanzoni ilitoa filamu ndogo za kutisha. Mwaka 2005 ikatengeneza filamu ya War of the Worlds, ikijua kwamba Steven Spielberg anatoa yake wakati huo huo. Kitabu cha H. G. Wells ni cha mwaka 1898 na nchini Marekani kilikuwa mali ya umma, hivyo hakuna aliyeweza kuizuia. Maduka ya Blockbuster yaliagiza nakala 100,000, oda ambayo kampuni haikuwahi kuiota.

Kuanzia hapo mtindo ukawa kalenda. Studio kubwa inapotangaza tarehe ya filamu yake, The Asylum inahesabu siku kurudi nyuma. Snakes on a Plane ilitoka tarehe 18 Agosti 2006. Snakes on a Train ilikuwa madukani siku tatu kabla. Transformers ilitoka Julai 2007. Transmorphers ilitangulia kwa wiki moja hivi. Bajeti kwa kawaida haikufika dola milioni moja, upigaji picha ulikwisha kwa wiki chache, na kabla stelingi hajaajiriwa, jalada lilikuwa limekwisha kufikiriwa. Mama aliyetumwa na wanawe kununua filamu ya magari yanayogeuka roboti angerudi na roboti, naam, ila si wale.

Mahakama iliwafikia pia. Mwaka 2012 Universal ililalamikia American Battleship, iliyotaka kutoka sambamba na Battleship, ikabidi iitwe American Warships. Mwaka huo huo Warner Bros. iliizuia Age of the Hobbits. Utetezi wa The Asylum ulikuwa wa kuchekesha na wa kisomi kwa pamoja: ilidai kwamba jina hilo wanasayansi wamelitumia kwa binadamu wafupi wa kale ambao mifupa yao iligunduliwa kisiwani Flores, Indonesia, mwaka 2003, na kwamba filamu inawahusu wao. Jaji hakushawishika. Filamu ikatoka kwa jina jingine.

Sindbad naye hakuachwa. Mei 2010 Disney ilitoa Prince of Persia. The Asylum ikaja na The 7 Adventures of Sinbad, ambamo Sindbad ni Adrian Sinbad, tajiri wa meli wa siku hizi aliyechezwa na Patrick Muldoon. Meli yake ya mafuta inatekwa na maharamia, yeye anaishia kisiwani kwenye kaa mkubwa wa kompyuta. Baharia wa Bahari ya Hindi akawa mkurugenzi wa kampuni.

Mwaka huo huo wa 2010 una mengine ya kutajwa. Januari, kwenye tamasha la Sundance nchini Marekani, ilionyeshwa Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, filamu ya dakika 21 hivi kuhusu dunia iliyoishiwa na maji baada ya vita. Februari, jahazi jingine la kushonwa liliondoka Maskati kwenda Singapore: Jewel of Muscat, lililojengwa Qantab, ng'ambo tu ya mlima kutoka Bustan, kwa kuiga mabaki ya meli ya karne ya 9 yaliyokutwa karibu na kisiwa cha Belitung. Na Januari hiyo hiyo, mkazi mmoja wa Kampala aliyekuwa akifyatua matofali alipandisha YouTube kionjo cha filamu yake.

Jina lake ni Isaac Nabwana, na mtaa wake ni Wakaliga. Mwaka 2005 alianzisha kampuni ya Ramon Film Productions, jina alilolitunga kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Filamu ya kionjo kile ni Who Killed Captain Alex?, inayosemekana kugharimu chini ya dola 200. Ndani yake kuna makomando, genge la wauaji, bingwa wa kung fu anayeitwa Bruce U, na helikopta za kompyuta zinazolipua majengo ya Kampala kama vibiriti. Mtu aliyezoea filamu za Chuck Norris anazitambua zote.

Ajabu ni jinsi Nabwana alivyojifunza kuiga. Alipokuwa mtoto hakuwa akiingia kwenye majumba ya sinema. Kaka yake ndiye aliyekwenda, akirudi anamsimulia filamu nzima: nani kapiga teke, gari limepinduka vipi, bunduki imelia namna gani. Nabwana aliitengeneza filamu kichwani kwa kusikia. Kwa hiyo alipoanza kazi alikuwa ananakili masimulizi, na masimulizi yana tabia ya kunenepa njiani.

Vifaa vilikuwa vya kuungaunga. Kompyuta aliikusanya mwenyewe kwa vipuri; programu za kuhariri na za kutengeneza moto na milipuko alijifundisha. Kitambaa cha kijani kilichoning'inizwa ukutani ndicho kilikuwa anga, jiji na uwanja wa vita. Dauda Bissaso, fundi wa vifaa, alichomelea bunduki kwa vyuma chakavu na vipuri vya magari, hadi mtutu wa kuzunguka wa kufungwa kwenye helikopta. Damu ilikuwa ya ng'ombe mwanzoni, ikatiwa kwenye kondomu zinazogawiwa bure na kufungwa kifuani mwa mwigizaji ili zipasuke risasi inapolia. Hofu ya maradhi ikawafanya wahamie rangi ya chakula. Vumbi na kukatika kwa umeme viliua diski za kompyuta, na nafasi ilikuwa haba kiasi kwamba filamu moja ikimalizika ilifutwa ili inayofuata ipate pa kukaa. Ndiyo maana Who Killed Captain Alex? haipo katika sura yake ya awali. Iliyobaki ni nakala ya DVD yenye sauti ya VJ Emmie juu yake.

Sauti hiyo inahitaji maelezo, maana bila yake biashara hii Afrika Mashariki haieleweki. Kwenye vibanda vya video vya Uganda, kwenye vibanda umiza vya Tanzania na kwenye video za mitaani Kenya, filamu ya kigeni haikuachwa ijisemee. Palikuwa na mtu. Uganda anaitwa VJ. Kenya jina lililovuma ni DJ Afro. Tanzania, kabla ya wengi wa leo, alikuwepo Kapteni Derek Mukandala, ambaye watu walimjua kwa jina Lufufu. Kazi ilikuwa hivi: mfasiri anaiangalia filamu hadi anaishika, anakaa na kipaza sauti na mashine ya kuchanganyia sauti, anapunguza sauti ya Mzungu au Mchina, anaingiza yake, na risasi zikianza anairudisha ya filamu ili watu wasikie mvua yenyewe. Anaeleza, anatania, anaonya, anampa adui jina la mtaani. Panapokuwa na jambo asilolielewa, analitungia.

Mtu huyo ndiye aliyefanya tofauti kati ya filamu ghali na ya kuiga isiwe na maana kubwa kibandani. Roboti wa dola milioni 150 na roboti wa dola laki chache wote walipita kwenye kioo kile kile kidogo, kwenye nakala ya nakala, na wote walipewa uhai na koo moja. Zilipofika diski za mitaani zilizojaza filamu kumi na zaidi kwa bei ya moja, Transformers na Transmorphers zingeweza kulala kwenye diski moja bila mnunuzi kuona kasoro. Aliyemleta mteja ni mfasiri, na mteja alitaja filamu kwa jina la stelingi au la mfasiri kuliko kwa jina la studio.

VJ Emmie alilifanya jambo hilo kwa filamu ya nyumbani. Nabwana hakuiacha kazi yake imsubiri mfasiri wa kibandani; aliifunga pamoja naye tangu mwanzo. Emmie anaisifu filamu, anaicheka, anahesabu maiti, anawatangazia watazamaji kwamba bado kuna mapigano yanakuja. Uigaji wote unatajwa kwa mdomo mbele ya kadamnasi. Hakuna anayedanganywa na jalada. Diski ziliuzwa nyumba kwa nyumba na waigizaji wenyewe, haraka, kabla ya wezi wa nakala kuamka, na mnunuzi alimjua aliyekufa dakika ya ishirini kwa kuwa ni jirani yake.

Filamu kamili ilipowekwa YouTube mwaka 2015, mamilioni waliitazama. Mwaka huo kampuni iliomba mchango mtandaoni wa dola 160 tu kwa ajili ya filamu iliyofuata. Zikaja zaidi ya 13,000. Alan Hofmanis, mtu wa sinema kutoka New York, alikuwa amekwisha kuhamia Wakaliga na kuwa mshirika wa Nabwana, na kila hadithi ilipohitaji Mzungu wa kupigwa, alikuwa tayari jirani. Bad Black ya mwaka 2016 ilizunguka matamasha, na mwaka 2019 Crazy World ilipata nafasi kwenye tamasha la Toronto, katika safu ya filamu za usiku wa manane.

Tanzania ilikuwa na njia yake. Soko la filamu za nyumbani lilipopanuka miaka ya 2000, Mussa Banzi alipata umaarufu kwa filamu za kutisha kama Nsyuka, ya mwaka 2003, na Shumileta, ya mwaka 2005. Hazina vyombo vya angani. Sababu moja ni gharama: jini huja kwa poda, lenzi za macho na mkato wa ghafla wa picha, wakati roboti anahitaji chuma au kompyuta yenye nguvu. Sababu ya pili ni kwamba mtazamaji wa Manzese au wa Malindi hashangai sana mtu akitoka sayari nyingine, lakini akiambiwa mwanamke mzuri aliyepanda daladala jioni ana kwato, anainua miguu yake juu ya kiti. Waigaji wa Kitanzania walichukua kutoka kwa filamu za nje mwendo wa kamera, muziki wa kushtua na mpangilio wa hofu, kisha wakaweka ndani yake viumbe ambao bibi zao waliwajua kwa majina.

Maskati ya leo imejaa watu wanaozielewa filamu hizo bila mfasiri. Ni familia zilizorudi kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na bara baada ya mapinduzi ya 1964, na kwa wingi zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi Julai 1970. Waliotoka Unguja waliacha mji wenye majumba ya sinema ya Majestic, Empire na Sultana, ambako kwenda sinema jioni ya Jumapili ilikuwa ada, wakafika katika nchi ambayo televisheni yake ilianza kurusha matangazo Novemba 1974. Waliyajua mahaba ya Kihindi na mapigano ya Hong Kong kabla ya kuijua lami ya Ruwi.

Oman yenyewe imechelewa kwenye filamu ndefu. Al-Boom ya Khalid Al Zadjali, inayohesabiwa kuwa ya kwanza, ilitoka mwaka 2006, nayo inahusu kijiji cha wavuvi. Kwa majirani wa Imarati, mwaka 2016 ilitoka Aerials ya S. A. Zaidi, iliyotangazwa kuwa filamu ya kwanza ya sayansi ya kubuni ya nchi hiyo. Vyombo vikubwa vya kigeni vinatanda juu ya Dubai kama vilivyotanda juu ya Washington katika Independence Day ya 1996, lakini bajeti haikuruhusu vita. Sehemu kubwa ya hadithi iko ndani ya nyumba, mume na mke wakibishana watoke au wasitoke. Ufinyu wa fedha uliwalazimisha kuandika kisa cha ndoa.

Rafu za maduka ya video zimekwisha, na dirisha la sasa ni orodha ya picha ndogo kwenye simu. The Asylum ilihamia huko mapema na kupitia televisheni: Sharknado, iliyorushwa na kituo cha Syfy Julai 2013, ilizaa mfululizo uliofika filamu sita mwaka 2018, nayo ikawa maarufu kuliko nyingi ilizowahi kuziiga. Kampuni ya Nabwana ya Wakaliga ilialikwa mwaka 2022 kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, ikaonyesha Football Kommando. Wageni kutoka Ulaya, Marekani na Asia wamekuwa wakifika mtaani kwake kuomba wauawe mbele ya kamera, na wanauawa.

Wanaofika wengi wameitazama filamu iliyoanzisha yote, na huenda wamegundua mahali pamoja ambapo mwanafunzi aliwaacha walimu wake. Katika filamu zote ambazo kaka yake alimsimulia, kama kila mtoto wa kibanda umiza ajuavyo, stelingi hafi. Kapteni Alex anakufa filamu ikiwa bado mbichi, bila hata pambano la kumuaga, na pamoja na swali lililoandikwa kwenye kichwa cha filamu, hadi mwisho hatajwi aliyemuua.